Mchuzi wa Papa Mzazi

Upanga tuliukuta nyuma ya kabati la nguo la mama mkwe wangu, umeviringishwa kwenye kanga mbili kuukuu na kukazwa kwa mkanda wa suruali. Arubaini ya Bi Salha ilikuwa imesomwa juzi yake, na mwenye nyumba alishatuambia kwamba jengo letu la Mchafukoge linavunjwa, litapandishwa ghorofa la maduka kama mengine yote ya mtaa ule, kwa hiyo tulikuwa tunahamisha vitu. Mwanangu Rukia, mimba pevu, anasubiri siku tu, alikuwa amekaa kwenye godoro anakunja mashuka. Akaufungua ule mzigo kabla sijamkataza. Ukatoka mfupa bapa, mrefu kupita mkono wa mtu mzima, meno yamechomoza pande zote mbili, mengine yameshang'oka. "Mama, nini hii? Msumeno?" Nikamwambia ni pua ya samaki. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Acha utani wako bwana. Samaki gani ana pua kama chanuo?" Nikamtazama. Mtoto wa pwani huyo, kutoka kitandani kwake mpaka Feri, soko la samaki, ni mwendo wa miguu, na samaki mwenye pua ile ndiye aliyenyweshwa mama yake ili yeye anyonye. Hajui. Na mimi, ambaye watu wa mtaa mzima wanajua mdomo wangu hauna breki, sikuwahi kumwambia.

Alifanya wanachofanya vijana wa siku hizi, akaupiga picha, akauliza simu yake. Akaanza kunisomea kwa sauti ya chini kwamba anaitwa papa upanga, kwamba zamani alikuwepo kwenye pwani hizi zote, na kwamba sasa ni miongoni mwa viumbe walio karibu kutoweka duniani, hata huku kwetu hakuna mwenye hakika kama bado yupo. "Mama, bibi alimpata wapi?" Nikamwambia tumalize mashuka kwanza. Sikuwa najificha. Nilikuwa naisikia sauti ya bibi yake, wiki ile ya mwisho, kitanda kilekile, ananishika kidole gumba kwa nguvu ambayo sikujua anatoa wapi. "Mwanaidi, Rukia akijifungua, mtafutie papa mzazi. Usije ukamnywesha mwanangu maji ya kunde. Ni wasia huo." Nikamwitikia, "Nimesikia, mama." Mume wangu Salim alikuwa amesimama mlangoni, naye akasikia. Wasia wa maiti si kitu cha mchezo, hasa kwa mtu kama yule aliyenilea kuliko alivyonikaripia, na alinikaripia sana.

Niwaeleze huyo papa mzazi. Katika nyumba ya Bi Salha, mwanamke akijifungua alikunywa mchuzi wa papa arubaini nzima, na si papa yeyote. Sharti awe jike aliyevuliwa na mimba yake. "Mzazi hulishwa na mzazi," alikuwa akisema, na ukimuuliza kwa nini, alikuwa na hoja yake wala haikuwa ya kipuuzi. "Changu anataga mayai, anayaacha, anakwenda zake. Papa anabeba mimba, Mwanaidi. Anazaa kama mimi na wewe. Mwili wake umeshapangwa kulea." Alikuja na mila hiyo kutoka kwa mama yake, na mama yake kwa wake, sijui mwanzo ni Bara Arabu au ni hapahapa, na wanawake wa Mchafukoge mpaka Msimbazi waliiamini. Mtu akikaribia kujifungua, mume alitumwa kwa Bi Salha kuomba kipande. Hakuuza. Alisema chakula cha mzazi hakiuzwi.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliobeba mimba ya Rukia. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeolewa juzi, ninaishi juu ya ghorofa katika vyumba vitatu vilivyofunguka kwenye ukumbi mrefu mwembamba. Jiko lilikuwa mwisho wa ukumbi, dirisha lake la wavu linatazama ua wa chini, na ukitoka nje kuna ngazi ya kupandia darini, ambako papa wa chumvi walianikwa kwenye kamba kama nguo. Harufu! Wageni walikuwa wanafika mlango wa chini wanaziba pua. Mimi mwezi wa kwanza nilitapika, wa pili nikazoea, wa tatu nikawa nikienda kwa mama yangu naona nyumba yake haina harufu ya chakula. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na mkate wa maji. Mchana wali, na papa mkavu aliyelowekwa toka alfajiri, akachambuliwa miiba, akapikwa kwa nazi, bizari na ndimu nyingi. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mama Asumpta, mtu wa Masasi, mkristo safi asiyekosa kanisa, alishuka kila jioni na kibakuli chake. Akikosa cha kuleta aliomba radhi. Akipata wageni kutoka kwao alileta ming'oko, mizizi ya porini ya kwao, ya kuchemsha, tukaila kwa chumvi na pilipili tumekaa kwenye mkeka ukumbini, umeme umekatwa, madirisha yote wazi, tunasikia Kariakoo inavyofunga maduka yake, mageti ya chuma yanashushwa moja baada ya jingine.

Wale wawili walikuwa na tabia ya kuongea wakidhani nimelala. Mjamzito halali, anageuka tu. Jioni moja nikamsikia Bi Salha jikoni anasema, "Asumpta, mimi nimezika wengi kuliko niliokuza. Amebaki Salim peke yake. Kizazi changu chote kipo kwenye tumbo la yule mtoto wa Msimbazi, na kiuno chake chembamba kile." Mama Asumpta akasema, "Mungu yupo, Salha." Naye akajibu, "Yupo. Alikuwepo na wale wengine." Nikalala nimetumbua macho. Mpaka siku ile nilikuwa nadhani mwanamke yule ananichunga kwa sababu haniamini, mara usinyanyue ndoo, mara usipande darini, mara umekula nini. Kumbe alikuwa anaogopa. Tangu siku ile sikumjibu tena kwa ukali, au nilijitahidi.

Aliyemletea papa ni mtu mmoja wa kule kwenye mikoko ya Rufiji, jina lake Chande, mrefu mkavu kama bidhaa yake, mama mkwe akimtania hivyo mbele yake. Alikuja na mzigo, akakaa kwenye kigoda ukumbini, akapewa kahawa na kashata. Siku nilipoingia mwezi wa nane Bi Salha alimwambia, "Chande, safari hii si wa majirani. Wa nyumbani kwangu. Nataka mzazi, na awe mkubwa." Chande akavuta kahawa yake. "Wakubwa wapo, wale wenye upanga, mama. Mwezi ujao ndio wanaingia mdomo wa mto. Wanakuja kuzalia kwenye maji ya tope, kwenye mikoko, huko ndiko wanakoona watoto wao watakuwa salama. Tukilitega jarife pale, hapiti mtu." Jarife ni wavu mnene wa papa. "Ila nikwambie ukweli, wamepungua. Zamani walikuwa wanatuchania nyavu mpaka tunawalaani. Siku hizi ukimpata mmoja unakaa kijiweni unamsimulia." Na mama mkwe wangu akasema, kwa sauti ileile anayoagizia sukari, "Basi nipate huyo mmoja."

Maneno hayo nayasikia leo kuliko nilivyoyasikia siku ile. Siku ile nilikuwa nakula kashata. Hakuna aliyestuka pale ukumbini, na kwa nini tustuke? Bahari tuliiona kila tukishuka Kivukoni, haina ukuta wala mwisho. Samaki wamepungua maana yake wamehamia kwingine, watarudi, kama mtu aliyekwenda kusalimia ndugu. Na hatukuwa walafi, hilo nalisema kwa wanaopenda kulaumu waliokufa. Papa mmoja aliwanywesha wazazi wa mitaa mitatu. Lakini tazama mila yenyewe ilivyokuwa: katika bahari nzima tulimchagua jike, katika majike tukamchagua mwenye mimba, katika wenye mimba tukamtaka mkubwa, na tukamvizia palepale mlangoni pa kuzalia. Ungetaka kumaliza ukoo wa watu usingepata njia ya mkato kuliko hiyo. Na sisi tulikuwa tunafanya hivyo kwa mapenzi.

Rukia alinitoka kwa taabu. Sitaki kuyarudia ya hospitali, inatosha kusema damu ilikwenda nyingi na nilirudishwa nyumbani nikiwa mweupe midomo. Maziwa hayakuja. Nesi aliyenihudumia, msichana mdogo tu, alinikazania: "Mweke titini kila akilia, dada, hata kama hakitoki kitu. Anavyovuta ndivyo yanavyoitwa. Yatakuja." Bi Salha, aliyekuwa amesimama pembeni na thermosi ya uji, alifyonya. Nyumbani nikamweka titini. Asubuhi, mchana, usiku, namweka. Anavuta, anaachia, analia, na kilio chake kila siku kinapungua sauti. Tulimdondoshea maji ya sukari kwa kijiko. Salim alitembea ukumbini mpaka nikamwambia aache, ananitia kizunguzungu. Bi Salha nilimwona anasimama kwenye dirisha la jiko anatazama chini uani, anamtazamia Chande.

Alikuja kabla ya adhuhuri, na mkokoteni. Nilisikia watoto wa mtaa kwanza, wanapiga kelele wanafuata nyuma, kisha nikaona turubai limefunika kitu ambacho mkokoteni haukukimudu, mkia unaburuta upande huu na upanga umetangulia upande ule. Watu walitoka madukani. Mzazi wa siku chache hashuki ngazi, hiyo ni sheria, lakini nilimlaza mtoto, nikajifunga kanga, nikashuka nimeshika ukuta. Nilitaka kumwona. Alikuwa mkubwa kupita kitanda changu, rangi ya kijivu iliyokaribia kahawia, ngozi kama msasa, tumbo jeupe, jicho dogo limebaki wazi. Chande akampasua palepale kwenye sakafu ya ua. Yakatoka maini, makubwa, yakawekwa pembeni kwa ajili ya mafuta. Kisha wakatoka watoto.

Walikuwa wamekamilika. Kila mmoja ana upanga wake mdogo, na kila upanga umevikwa kitu laini cheupe, kama nyama ya dafu changa, tangu mwanzo mpaka nchani. Nilichuchumaa nikamgusa mmoja. Meno yapo ndani, unayasikia kwa kidole, lakini hayakati. "Mbona wamefunikwa?" nikauliza. Chande akafuta kisu kwenye gunia. "Ili wasimchane mama yao wakitoka. Wakishazaliwa kile kiganda kinayeyuka, wanabaki na upanga wao." Alisema hivyo tu, kama anavyokueleza mtu mapapai yanavyoiva. Mama Asumpta alikuwa ameshuka na kibakuli chake. Akakiweka chini, akapiga ishara ya msalaba. "Maria Mama! Salha, hawa watoto kabisa." Mama mkwe wangu hakugeuka. Alikuwa anaonyesha vipande vya kukatwa. "Na wangu aliyeko huko juu ni nini, Asumpta?" Kutoka dirishani, kwa mbali, Rukia alikuwa analia. Kunguru walikuwa wameshajaa ukutani wanasubiri zamu yao, na Chande aliwakusanya wale watoto kwenye beseni, akawagawia watu wa ua, wakakaangwa mchana uleule.

Mchuzi niliunywa. Ulipikwa bila nazi, una pilipili manga nyingi, kitunguu thomu, tangawizi, bizari nyembamba na ndimu, moto mpaka machozi yanatoka. Ulikuwa mtamu, sitasema uongo. Bi Salha aliketi kitandani ananipulizia kijiko kama mtoto, ananiambia, "Kunywa, mama. Kunywa, mwanangu. Mzazi mwenzio kakuletea." Nikanywa bakuli, nikapewa jingine, jioni jingine. Alfajiri nikaamka nguo imelowa kifuani. Rukia alinyonya mpaka akapaliwa. Bi Salha alipiga vigelegele ambavyo nadhani vilifika Mnazi Mmoja, kisha akakaa chini ukumbini, mgongo ukutani, akalia kama mtu aliyepigwa. Sijapata kumwona analia tena, hata siku alipomzika mumewe. Nyama iliyobaki ilitiwa chumvi, ikapanda darini, na kwa miezi kadhaa wazazi wa mtaani walikuwa wakiletewa kipande kwenye sahani iliyofunikwa kawa. Upanga ulitundikwa juu ya mlango wangu, kuzuia jicho la watu.

Chande aliendelea kuja kwa miaka. Alileta papa wa pingusi, wale wenye kichwa kama nyundo, kisha wadogo wa pingusi, kisha taa, wale samaki bapa wenye mkia. Siku moja Rukia ameshaanza shule, nikiwa nachambua mchele chumbani, nikamsikia ukumbini anasema, "Unajua mama, wale wenye upanga sijawaona tena. Tangu yule wa Rukia." Nikasikia kikombe kinawekwa chini. "Watarudi," Bi Salha akasema. "Bahari haiishiwi." Jioni ile aliushusha upanga kutoka juu ya mlango, akasema unakusanya vumbi. Vumbi lilikuwepo siku zote. Hatukuliongea tena, mpaka Chande akafa, Mama Asumpta akarudi kwao Masasi akafia huko, na mimi nikabaki mtu wa mwisho aliyewagusa wale watoto. Naumia nikifikiri kwamba nilipaswa kumuuliza Bi Salha siku ile alichokuwa anafikiri. Nilijua angenijibu. Labda ndiyo maana sikuuliza.

Basi Rukia akajifungua, wiki mbili baada ya kuhama. Ilibidi apasuliwe. Mtoto wa kike, mzima, mweusi wa nywele kama uzi wa kusukia, na historia ikajirudia mbele ya macho yangu: titi limekauka, mtoto analia kwa sauti inayopungua. Tulikuwa kwenye nyumba mpya ya kupanga, chumba cha Rukia kimejaa mabegi ambayo hayajafunguliwa. Salim, mzee wa watu, mvi kichwa kizima, akaanza kutembea ukumbini vilevile kama zamani. "Mama Rukia, wasia wa mama yangu unaukumbuka?" Nikamwambia naukumbuka. "Sasa unangoja nini?" Alfajiri nikavaa baibui, nikaenda Feri.

Mnada ulikuwa umechangamka. Vibua, dagaa, jodari wachache, pweza, kelele za madalali, mama lishe na mabeseni yao wanagombana kama kawaida. Kijana mmoja dalali aliniona nazunguka. "Shikamoo bibi. Unatafuta nini nikusaidie?" "Marahaba, mwanangu. Nataka papa." Akanipeleka kwenye turubai, akanionyesha papa waliopangwa, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Nikamwambia, "Baba, hawa watoto. Nataka wakubwa." Akacheka, si kwa dharau. "Bibi, siku hizi hawa ndio wakubwa." Nikamuuliza kama anamjua papa mwenye upanga. Akatikisa kichwa, akamuuliza mwenzake, mwenzake akadhani naongelea wa kwenye katuni. Kisha nikamweleza shida yangu, kwamba nina mzazi ndani, kwamba nataka jike mwenye mimba. Uso ukamchangamka. "Ungesema mapema! Yupo mmoja." Akafunua gunia. Pingusi, kichwa chake cha nyundo kimelala upande, si mkubwa, urefu wa mtoto wa darasa la tatu, lakini tumbo limejaa. "Gusa mwenyewe bibi. Wapo ndani."

Nikagusa. Walikuwepo. Nikafikiri, ameshakufa huyu, Mwanaidi, ukimwacha atanunuliwa na mwingine dakika hii hii. Mjukuu wako ana njaa. Mama mkwe wako yuko kaburini anakungoja utimize. Mkono ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba. Na yule kijana, masikini, kwa wema tu, akasema, "Na bibi, kama unawataka wenye mimba we niachie namba yako. Nitawaambia vijana wakuwekee kila wakimpata. Wanajua wanapozalia." Jamani. Ilikuwa sauti ya Chande, na kigoda, na kahawa, na mimi na kashata yangu mdomoni. Mkono ukatoka mkobani mtupu. Nikamwambia, "Ahsante baba, usimwambie mtu anitafutie." Aliniangalia kama anayeangalia mwehu. Nikapanda Kariakoo, nikanunua kuku wa kienyeji, pilipili manga, tangawizi na thomu.

Salim aliponiona na kuku, alibadilika rangi. "Hukumpata?" "Nilimpata." "Sasa?" "Nimemwacha." Katika ndoa yetu yote mume wangu hakuwahi kunipandishia sauti, siku ile alinipandishia, mpaka majirani wapya wakajua tumehamia. "Mama yangu kakushika mkono anakata roho! Mtoto analia huko ndani, wewe unaniletea kuku? Akifa huyu mtoto utamwambia nini Rukia?" Akifa ningemwambia nini? Nilimchinjisha kuku, nikampika kwa viungo vilevile vya Bi Salha, nikaacha ndimu mwisho kama alivyonifundisha, na chumvi nikaimwaga. Nikampelekea Rukia bakuli, nikaketi kitandani nampulizia kijiko. Na kila mtoto alipolia nilimwambia, "Mweke titini, hata kama hakitoki kitu. Anavyovuta ndivyo yanavyoitwa." Maneno ya yule nesi, yalikuwa yamenilalia kichwani miaka yote hiyo bila kazi. Siku ile hakikutoka kitu. Kesho yake hakikutoka kitu, na Salim alikula peke yake sebuleni, kanipa mgongo.

Siku iliyofuata nilikuwa jikoni naponda thomu niliposikia Rukia anaita. Nikakimbia nikidhani ni msiba. Alikuwa amekaa, kanga imelowa kifuani, maziwa yanadondoka mpaka kwenye shuka, na yule mtoto amekazana ananyonya macho yamefumbwa, ngumi imekunjwa. Salim akaingia nyuma yangu. Akasimama. Akashika mwimo wa mlango, akasema, "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi." Kisha, taratibu, huku anacheka na machozi yanamtoka, akasema, "Kumbe hata kuku."

Kumbe hata kuku. Alisema kwa furaha, na mimi nilifurahi, wallahi nilifurahi, nilimbusu mtoto unyayoni, nikampiga Rukia busu la kipaji cha uso. Halafu nikarudi jikoni kwenye thomu yangu, na ndipo neno lile likanikalia. Kama kuku alitosha, kama pilipili manga na subira na mtoto kuvuta vilitosha, basi vilitosha na mwaka ule. Yule nesi mdogo alisema kweli. Yangekuja. Siku ile au kesho yake, yangekuja tu, na yule mama mwenye upanga angeingia mtoni kwake akazaa watoto wake waliofunikwa panga zao wasimuumize. Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu. Mimi vyote viwili vimenijia wiki moja, na wote wawili nimewapakata. Nikalia pale kwenye kinu, sauti ikanitoka.

Rukia alinisikia. Akaniita, nikaenda nimejifuta na upindo wa kanga, nikajifanya ni vitunguu. Hakudanganyika. "Mama, mbona unalia? Maziwa si yamekuja?"

Nikamwambia, "Yamekuja, mwanangu. Ndiyo yanayoniliza."